Fulana utapewa, kalamu njoo nayo

Ukijitolea kwenye kambi ya matibabu, fulana utapewa, na kofia pia kama wageni wamefungasha za kutosha. Kalamu njoo nazo mwenyewe, tatu, kwa sababu kufikia saa nne asubuhi moja itakuwa imeazimwa na mzee wa kanisa na hutaiona tena. Beba na daftari dogo la kuingia mfukoni, chupa ya maji, na uvae viatu vinavyofunika vidole.

Mimi si daktari wala muuguzi. Nilifundisha darasa la kwanza hadi la tatu kwa miaka 31 hapa tambarare ya Kano, Kisumu, nikastaafu, na kabla sijazoea kulala hadi saa moja mchungaji akatangaza kwamba wageni kutoka Marekani wanakuja kutibu watu siku nne kwenye uwanja wa shule, na wanatafuta wakalimani. Nikainua mkono. Nilidhani kazi ni kujua Kiingereza. Leo nimeshahudumu kambi 11 za matibabu, kuanzia Ahero hadi Nyakach, na mbili huko Seme, na kila msimu vijana wa kanisa hunijia: "Tichee, kule tunafanya nini hasa?" Wanangu, jibu ni hili hapa. Msinipigie simu usiku.

Kabla hujakubali

Uliza mambo mawili: nani ana kibali, na nani atabaki na wagonjwa.

Daktari mgeni hatibu Kenya kwa sababu tu ana stethoskopu shingoni. Anahitaji leseni ya muda kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, muuguzi naye ana baraza lake, na idara ya afya ya kaunti lazima ijue kambi iko wapi na lini. Hayo si makaratasi yako, lakini kuuliza ni haki yako, maana watu wa kijiji wanakuja kwa kuwa wamekuona wewe pale, mgeni hawamjui. Katika kambi yangu ya tatu alikuwepo kijana wa mwaka wa pili wa udaktari huko kwao, akakabidhiwa koleo la meno "ajifunze". Alimng'oa mzee mmoja jino zima akaliacha lile bovu. Mzee alishukuru sana, na shukrani hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Jambo ambalo mtu haruhusiwi kulifanya kwao, asije akalifanya Nyakach.

Swali la pili, la nani atabaki na wagonjwa, nitalirudia. Ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Ukiitwa jioni ya kuamkia kambi kupanga dawa, nenda. Utakuta masanduku ya nguo yamejaa chupa na karatasi za vidonge, nyingine zimechangwa kwa moyo mwema bila macho kutazama tarehe. Shirika la Afya Duniani linataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika inapofika nchini, na kwetu dawa za kutoka nje hupitia Bodi ya Dawa na Sumu. Zilizopita tarehe zitenge kwenye boksi lake, liandike kwa kalamu nene, mkabidhi mfamasia. Usizitupe chooni. Usimpe mtu kwa sababu "imepita wiki mbili tu".

Mezani pa usajili

Hapa ndipo wanaojitolea mara ya kwanza huwekwa, na wengi hukunja uso wakidhani ni kazi ya karani. Ni kazi ngumu. Ukiita "Achieng!" chini ya ule mwembe wanasimama wanawake saba, kila mmoja alizaliwa jua likiwa juu. Andika majina matatu, kijiji, na simu. Kama hana simu, andika ya mtoto wake au ya jirani, na umuulize ni jirani yupi, maana kuna majirani wasiosemezana.

Umri wa wazee ni somo peke yake. Usimuulize nyanya alizaliwa mwaka gani, atakutajia wowote ili umwache. Muulize: Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ulikuwa unachunga mbuzi au ulikuwa umeolewa? Tom Mboya alipouawa mwaka 1969 ulikuwa na watoto wangapi? Utapata umri wa kutosha kumsaidia daktari, na pengine hadithi moja tamu, ila hadithi ifupishe kwa heshima kwa sababu foleni imefika getini.

Foleni yenyewe isikuloge. Namba ni namba, lakini wapo wasiopaswa kusubiri. Kila nusu saa inuka kitini utembee kutoka mwanzo wa foleni hadi mkiani ukitazama nyuso. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki ukimgusa: mchukue na mamaye moja kwa moja kwa daktari, hata kama kadi yake ni ya 240. Vilevile anayehema kwa shida, anayevuja damu, mjamzito anayeumwa kichwa na kuona ukungu. Watu wa mbele watanung'unika. Waeleze mara moja kwa sauti ya upole, uendelee. Watu wetu wakielezwa huelewa. Kinachowaudhi ni kuona mtoto wa mzee wa kanisa akipitishwa dirishani na mafua yake.

Presha ya foleni

Kwenye meza ya vipimo utafundishwa mashine kwa dakika kumi, na inatosha. Jambo lisilofundishwa ni kwamba mama aliyetembea kutoka Katito na jua, akagombania kiti, akafika kwako anahema, hana presha ya ugonjwa, ana presha ya safari. Mkalishe dakika tano nzima. Mgongo uegemee, miguu ikae chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na wewe funga mdomo wakati mashine inajaza. Sweta ivuliwe, usifunge kitambaa juu ya sweta. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, ngoja, pima tena. Ikigonga 180 kwa 120, na hasa kama anaumwa kifua au kichwa kinampasuka, usimrudishe kwenye benchi.

Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mkono wa juu kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Usiitangaze namba hiyo kwa sauti. Mama wa mtoto mwembamba anajua ni mwembamba, na majirani wako nyuma yake wanasikiliza.

Kutafsiri, yaani kukopesha mdomo

Kaa kando ya mgonjwa, nyuma kidogo, ili yeye na daktari watazamane. Ukikaa katikati, wote wawili watazungumza na wewe, na daktari ataondoka pale hajaona uso wa mtu aliyemtibu. Sema kwa nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema kichwa kinaniuma, nawe sema kichwa kinaniuma, usiseme "anasema kwamba". Mwanzoni utaona aibu, hasa mzee wa miaka 70 anapoeleza habari za mkojo nawe umevaa sketi ya ibada. Aibu huisha siku ya pili.

Usifupishe. Mama akiongea dakika tatu nawe ukamwambia daktari "tumbo", umemwibia. Wala usiongeze.

Hapo kwenye kupima maneno ndipo nilipoanguka. Siku yangu ya kwanza mama mmoja alisema kwa Kijaluo, *chunya lit*. Chuny ni ini. Nikamwambia daktari ini linamuuma. Daktari akamlaza, akambonyeza chini ya mbavu za kulia, akauliza kuhusu pombe, akaandika vipimo. Mama akabaki kimya ananitazama mimi. Mjaluo yeyote anayesoma hapa ameshacheka au amehuzunika: chuny ni ini, ndiyo, na ndilo neno tunalosema moyo ukiwa na majonzi. Alikuwa amemzika mwanawe wiki tatu nyuma. Nilijua neno, nilizaliwa nalo, lakini nilikuwa na haraka ya kuonekana hodari.

Neno yath nalo litakutega. Ni mti na ni dawa. Ukimuuliza mtu kama kuna dawa anatumia, anaweza kujibu hapana akiwa na vidonge vya sukari mfukoni, au ndiyo akimaanisha mwarobaini aliouchemsha asubuhi. Uliza vyote viwili, na umwombe atoe alichobeba. Ukihudumu Sondu, pale Kisumu inapopakana na Kericho, Kijaluo pekee hakitoshi. Tafuteni mtu wa Kikipsigis mapema, msimkamate kijana wa boda getini saa tano.

Sasa saa. Dawa ya malaria ya kawaida, ile tunayoiita AL, humezwa mara sita kwa siku tatu. Mtu mzima wa zaidi ya kilo 35 humeza vidonge vinne kila mara, jumla 24, na ni vizuri ameze na chakula au maziwa. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza. Jaribu kumwambia mtu hivyo kwa Kiswahili: "Meza tena baada ya saa nane." Atakwenda nyumbani asubiri saa nane mchana ipite. Daktari mgeni naye ataandika 8 kwenye bahasha akimaanisha asubuhi, ambayo kwetu ni saa mbili. Kwa hiyo mimi hutazama saa ya mkononi, nahesabu, nasema: "Umemeza sasa, saa nne asubuhi. Nyingine ni leo saa kumi na mbili jioni, kuku wakiingia. Kesho na kesho kutwa, asubuhi na jioni." Halafu nachora jua na mwezi kwenye bahasha na vidoti vya vidonge chini yake. Wasiosoma wanasoma hiyo, na wanaosoma pia.

Usimuulize "umeelewa?" Miaka 31 darasani, hakuna mtoto aliyewahi kunijibu hajaelewa. Mwambie, "Mama, nionyeshe utakavyomeza ukifika nyumbani." Hapo utaona vidonge vyote vikimiminwa kiganjani kwa pamoja, na utamshukuru Mungu kwamba uliuliza.

Jambo la siri nalisema kwa ukali kidogo. Wewe ni jirani. Mgonjwa anayemeza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, hatamwambia daktari kupitia mdomo wako, kwa sababu kesho mtakutana kisimani, na daktari akikosa kujua anaweza kumpa dawa isiyopatana na zile. Siku hizi tunabadilishana: wakalimani wa Ahero wanawatafsiria watu wa Katito, wa Katito wanatafsiria wa kwetu, na kila mgonjwa anaulizwa kwanza kama angependa mtu mwingine. Ukimwona shemeji yako kwenye foleni, nyanyuka uende kunywa maji. Na ulichokisikia hemani usikipeleke kwenye mkutano wa maombi kikiwa kimevikwa nguo ya "tumwombee dada yetu fulani".

Habari ya maombi

Ni kambi ya Kikristo na tunaomba. Tunaomba saa moja na nusu asubuhi wahudumu wote, kabla geti halijafunguliwa. Ninalolipinga, na nimelipinga mbele ya wazee, ni kumhubiria mgonjwa kwa saa nzima kabla ya kumpa kadi. Wapo pale watu wa Legio Maria na kanzu zao, wapo Waislamu wa sokoni, wapo walevi wa kawaida. Mtoto ana homa. Ukiweka wokovu kama tiketi ya kuingia, utavuna watu wa kuokoka kwa siku nne.

Meza ya maombi tunaiweka mwisho, baada ya dawa, chini ya mti ulio kando, na mtu anakwenda akitaka. Cha ajabu foleni yake huwa ndefu kuliko ya meno. Anayehudumu hapo ajue kusikiliza, na awe na sheria moja: haruhusiwi kumwambia mtu aache dawa. Hata neno la kufanana na hilo.

Mambo madogo, haraka haraka. Sindano iliyotumika haifunikwi tena, inaingia kwenye lile boksi la manjano. Ukidungwa, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, umwambie kiongozi papo hapo, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ina muda wa saa 72 na mapema ni bora. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiwe na sabuni, si kibuyu tu. Usipige picha za wagonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata isingekuwepo, nani anataka mdomo wake wazi kwenye simu ya mtu? Kula chakula cha mchana mbali na macho ya watu ambao hawajala tangu alfajiri.

Nyanya na bahasha

Kambi yangu ya kwanza, siku ile ile ya chuny, nilimtafsiria nyanya mmoja kutoka upande wa Awasi. Presha yake ilikuwa 190 na kitu. Daktari alimpa vidonge 30 na kusema ameze kimoja kila siku. Mimi nikasema kwa Kijaluo: meza kimoja kila siku mpaka viishe. Hayo ya mwisho daktari hakuyasema. Niliyaongeza kwa wema, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyozoea kuwaambia wazazi kuhusu dawa za malaria, usiache katikati, maliza.

Mwaka uliofuata alikuja tena, wa kwanza getini. Alikuwa amehifadhi ile bahasha kwenye fundo la leso. Aliniomba nimfungulie fundo, mkono wake wa kushoto ulikuwa haufanyi kazi tena. Bahasha ilikuwa tupu. "Nilimaliza zote kama ulivyosema, mwalimu," akaniambia. "Nikawa nawangoja."

Kwa hiyo swali la pili. Msamaria hakumfunga yule mtu majeraha akaenda zake. Alimpeleka nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, na akamwambia mwenye nyumba gharama ikizidi atalipa akirudi. Kambi nyingi zinaishia kwenye kufunga majeraha. Uliza, kabla ya fulana: zahanati gani itawapokea, na je, mhudumu wake atakaa hemani pamoja na wageni kuanzia siku ya kwanza? Awepo. Wagonjwa wamwone akiandika, wajue sura.

Kisha weka daftari la pili, tofauti na la usajili. Wanaingia humo wa presha, sukari, kifafa, selimundu, utapiamlo, wajawazito wenye shida, na yeyote aliyepewa barua ya rufaa. Jina, kijiji, simu, amepewa dawa gani kwa jina la dawa yenyewe wala si la kampuni, ya siku ngapi, na tarehe itakapokwisha. Tarehe hiyo izungushie duara. Nakala moja ibaki zahanati, nyingine kwa wahudumu wa afya ya jamii wa vijiji husika. Tangu 2023 wengi wana mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na wanajua kila njia ya panya. Mgonjwa naye aambiwe wazi kwamba vidonge hivi vikikaribia kwisha anakwenda kuongezewa, hata akijisikia mzima, na anakwenda wapi. Tangu bima ya afya ya NHIF ilipoondoka Oktoba 2024 ikaingia SHA, tumekuwa tukiweka kijana mmoja na simu yake mezani asajili wale ambao bado.

Barua ya rufaa ya kwenda Russia, yaani hospitali kuu ya Jaramogi pale Kisumu, bila nauli ni karatasi. Sisi tunatenga sehemu ya sadaka ya Jumapili ya kambi kwa matatu na boda, na mtu wa kumsindikiza yule asiyewahi kuingia jengo la ghorofa. Wageni wakitaka kuchangia kitu baada ya kuondoka, waambie wachangie hicho, wasituletee fulana nyingine.

Siku ya mwisho watu wote hukumbatiana, picha ya pamoja hupigwa, basi huondoka kuelekea uwanja wa ndege wa Kisumu, na turubai hubaki likingoja wa kulikunja. Likunje. Rudisha viti vya shule vikiwa vimehesabiwa, la sivyo mwaka ujao mwalimu mkuu hatakupa uwanja, na namwelewa.

Jumatatu pumzika. Jumanne fungua daftari la pili. Piga simu zahanati uwasomee majina yenye duara la wiki hiyo. Tuseme ni tisa na wamefika watano. Hao wanne wapigie. Simu zisipopokelewa, mtafute mhudumu wa afya wa kijiji, na ikishindikana panda boda uende mwenyewe, asubuhi, kabla hawajatoka shambani kwenye mpunga. Mmoja utaambiwa amehamia kwa binti yake Muhoroni. Andika namba ya binti.